Siku anko na konda wake walipopanda benchi

Mwaka wa pili chuo hapa Dar nilikuwa nasoma mambo ya michezo na mazoezi ya mwili, nyumbani walikuwa wanaiita digrii ya kuruka kamba, na mi nilishachoka kubishana nao. Sasa mwalimu wetu mmoja, mama mkali ila mcheshi balaa, akatupa kazi: Jumamosi kila mtu aje na mtu mzima kutoka uraiani, asiwe mwanafunzi, tumpime moyo. Wenzangu wakaleta mafundi, mama ntilie, kuna aliyemleta mlinzi wa hosteli. Mi nikamleta anko, mdogo wake mama, dereva wa Coaster ya Mbagala, miaka 47 na kitambi chake cha heshima. Gari ilikuwa gereji siku hiyo ndo maana akakubali, na konda wake, kwa vile hapendi kupitwa na kitu, akaja naye bila kualikwa.

Kipimo chenyewe hakina mbwembwe, ni benchi la sentimita 30 na simu ya mwalimu inayopiga tiki 96 kwa dakika. Unapanda mguu mmoja, wa pili, unashuka mmoja, wa pili, yaani mizunguko 24 kila dakika kwa dakika tatu, halafu unakaa chini fasta na mtu anakuhesabia mapigo ya moyo dakika nzima. Mtu ambaye mwili umezoea shughuli moyo wake unatulia mapema, ambaye hajazoea unaendelea kudunda tu. Kabla ya hapo kuna maswali, kifua kinauma? kizunguzungu? dawa za presha? na presha yenyewe inapimwa. Anko akapita.

Dakika ya kwanza anapiga stori. Ya pili kanyamaza. Ya tatu anamwangalia mwalimu kama trafiki aliyemsimamisha na hana leseni. Kukaa chini nikamshika mkono nikahesabu, 138. Ikaja zamu ya konda, jamaa anapanda na kushuka huku anaita "Mbagala Rangi Tatu, nafasi zipo, nafasi zipo" chumba kizima hoi kwa kicheko, akakaa, 92.

Anko hakufurahi hata kidogo. "Mwalimu, huyu mtoto, ana miaka 26, mi nimeshika usukani hajazaliwa, mnatulinganishaje?" Mwalimu akasema kaka yangu uko sahihi kabisa, watu wawili hawathibitishi chochote na umri peke yake unaweza kuleta hiyo tofauti. Ila akavuta kiti, akasema kuna watu walilinganisha madereva na makonda kwa maelfu, na hapo anko akatega sikio.

Akatupa stori ya London. Daktari Jerry Morris na wenzake mwaka 1953 walichapisha utafiti wa wafanyakazi wa usafiri kama 31,000 hivi. Mabasi ya kule ya ghorofa, dereva kakaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi kukata tiketi mpaka jioni. Kampuni moja, barabara zilezile, mishahara haipishani sana. Wakakuta madereva wanapata mshtuko wa moyo zaidi, na wanaoupata wanakufa mapema zaidi kuliko makonda. Wakati ule wataalam wengi hata hawakuwa wanawaza kwamba kukaa kitako tu kunaweza kuwa na uhusiano na moyo.

Konda alishaanza kusimama kwa furaha, anko akamwambia kaa chini we. Akamgeukia mwalimu: "Sasa mwalimu, si inawezekana wanene ndo wanaokimbilia udereva? Mwembamba anaenda kuning'inia mlangoni, mnene anatafuta siti. Kwa hiyo gari halijamfanya kitu, alikuja hivyohivyo."

Mi nilikaa darasani miaka miwili sijawahi kuuliza swali kama hilo. Mwalimu alipiga makofi kabisa, akasema hilo ndilo walilojiuliza wenyewe, wakaenda kwenye rekodi za sare za kazi, wakaangalia saizi za suruali! Mwaka 1956 wakachapisha: madereva viuno vyao vikubwa kuliko vya makonda, na hata wale vijana walioanza kazi juzi tu. Anko akasema "si nimesema!" mkono uko kwenye mkanda. Mwalimu akamwambia subiri, baadaye waliwafuatilia tena, wakalinganisha mwembamba na mwembamba, mnene na mnene, na bado dereva ndo alikuwa kwenye hatari zaidi ya kufa ghafla.

Kimya kidogo. Halafu anko, ambaye hakubali kushindwa hata kwenye drafti: "Na huyo daktari mwenyewe, alikufa na miaka mingapi?"

"99," mwalimu akajibu, "na alikuwa anakimbia kwenye bustani za London enzi ambazo mtu mzima kukimbia hadharani alionekana chizi."

Tulipotoka konda akaomba aandikiwe matokeo yake kwenye karatasi, mwalimu akamwandikia na sahihi juu. Jumatatu nilipopanda ile Coaster niliikuta imebandikwa kwenye kioo cha mbele pembeni ya stika ya leseni, 92 kubwa ya peni nyekundu, abiria wanauliza ni ruti gani mpya hiyo. Anko anaendesha tu, ila tulipofika taa za Mtongani akaniambia bila kugeuka nimtafutie siku arudie, maana Jumamosi ile alikuwa katoka kula ugali mkubwa.