Kishada cha zabibu
Jana jioni nilikaa Nyerere Square, hapa Dodoma, na kijana mmoja anayechora katuni. Kitabu chake kina kurasa 12, wino mweusi mtupu, kimebanwa kwa stepla. Kinamhusu bibi wa Hombolo anayelinda zabibu zake zisiliwe na ndege. Kuna picha moja haina neno hata moja: mkono wa bibi tu, umekunjamana, umeshika kishada. Nikaitazama mpaka kijana akaniuliza, "Kaka, vipi, kuna kosa?" Kosa liko wapi!

Baba alitusimulia sana Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Na michoro ya miamba ya Kondoa, Urithi wa Dunia tangu 2006, iko mkoani humuhumu. Nimenunua nakala tatu. Moja ni ya baba.