Ni nini hiyo mkononi mwako?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno lililonielemea wiki hii ni Kutoka 4:2, pale Mungu anapomuuliza Musa ana nini mkononi. Musa alikuwa na fimbo tu, na ulimi mzito.

Amos Alonzo Stagg, mzaliwa wa West Orange, New Jersey, mwaka 1862, alikwenda Chuo Kikuu cha Yale akitaka kuwa mchungaji. Alianza masomo ya theolojia, lakini mimbarani maneno yalimkwama. Hakulazimisha. Mkononi alikuwa na mchezo, basi akaazimia kuwalea vijana uwanjani. Mwaka 1892 akaanza kufundisha futiboli ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Chicago, akakaa misimu 41.

Tazameni uangalifu wake. Katika mchezo huo mwenye mpira hukamatwa na kuangushwa. Anayemshika juu kifuani huburutwa. Anayeingia chini kwa bega na kuzungusha mikono mapajani humwangusha. Hilo halishiki mwilini bila kurudiwarudiwa, na vijana wakiangushana kila siku wataumizana kabla ya mechi. Ndiyo maana mwaka 1889, pale Yale, Stagg alikunja godoro la mazoezi, akalining'iniza, wakalivamia hilo. Huo ni uchungaji! Ni kondoo gani hataki mchungaji anayefikiria mifupa yake?

Wazee wa kanisa, hapa niwaseme kwa upendo. Kijana akiokoka tunampa kipaza sauti. Asipojua kuhubiri tunampa ufagio, kisha tunamsahau. Hatumuulizi anachokiweza. Fundi cherehani, kocha wa timu ya mtaa, anayejua hesabu: hawa wote wameketi viti vya nyuma wakidhani Mungu hakuwaita. Tumewadhulumu. Muulizeni kila mmoja swali la Musa, kwa jina lake, na mngoje jibu.

Wala msiwaondoe wazee mapema. Stagg alipofika miaka 70, Chicago ilimstaafisha. Akahamia College of the Pacific, Stockton, California, akaanza upya mwaka 1933. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kocha bora wa mwaka. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipoomba apewe mlima. Wiki ijayo tutaisoma Yoshua 14 pamoja.