Kabla hamjagawana vitu vya bibi

Wasifu unaosomwa kwenye mazishi ya bibi aliyeishi kwa ibada huharibiwa na maneno mawili: "mcha Mungu". Yanasomwa, watu wanatikisa vichwa, na hakuna aliyemwona bibi. Lakini msomaji akisema kwamba aliamka saa kumi alfajiri na kuwataja wajukuu mmoja mmoja katika sala, kuanzia kifungua mimba wa kila nyumba, hata wale wasiopiga simu mwaka mzima, hapo ndipo watu wanacheka huku wakifuta machozi. Mambo madogo kama hayo hayaandikwi kwenye vyeti. Yamo kwenye vitu vyake, na vitu ndivyo vinavyotawanyika mapema.

Anzeni na kitabu chake cha ibada, kiwe Biblia, Msahafu au kitabu cha nyimbo. Kipigeni picha kabla mtu hajakikung'uta. Kisha kifunueni ukurasa kwa ukurasa, na kila kilichochomekwa ndani, iwe kadi, stakabadhi au kipande cha gazeti, kipigwe picha kikiwa palepale, namba ya ukurasa ikionekana. Kosa la kawaida ni kukusanya vikaratasi vyote katika bahasha moja. Karatasi zinabaki, maana inapotea: kadi ya kliniki ya mtoto iliyowekwa kwenye zaburi fulani inasema neno ambalo kadi peke yake haiwezi kusema. Angalieni pia ukingo wa kurasa kitabu kikiwa kimefungwa. Palipoingia weusi wa vidole ndipo alipopazoea. Mistari aliyoipigia kwa kalamu za rangi tofauti huenda ni ya vipindi tofauti vya maisha. Kama kuna tarehe pembeni, linganisheni na misiba, harusi na safari za watoto.

Ukurasa uliochanika usiubandike selotepu. Gundi yake hugeuka njano, huingia ndani ya karatasi, na baadaye haitoki bila kung'oa maandishi. Laminesheni ni mbaya zaidi, maana karatasi ikishapita kwenye ule moto haitolewi tena. Kitabu chenye ukungu kikaushwe kivulini penye upepo, si juani, kisha kipanguswe kwa brashi laini nje ya nyumba, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Kikishakauka, kiwekwe mbali na jiko na ukuta wenye unyevu.

Picha zina dharura yake, na dharura hiyo ni majina. Kuskani kunaweza kungoja miezi. Mzee wa mwisho anayejua yule mwanamke wa kushoto ni nani huenda asingoje. Andikeni majina nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kwa sababu kalamu ya wino huacha mfinyo unaoonekana upande wa mbele, na wino wake unaweza kupaka picha inayofuata. Picha zilizogandia kwenye albamu zisivutwe. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake polepole, kama anayekata sabuni, na ikikataa, ipige picha na kuiacha hapohapo. Kwenye skana, picha ndogo ziwekwe nukta 600 kwa inchi. Barua na vyeti 300 zinatosha. Mkitumiana kwa WhatsApp, zitumeni kama dokumenti, la sivyo zitapunguzwa ubora. Jumbe zake za sauti nazo zihifadhiwe nje ya simu, kwa maana simu ya marehemu hupewa mtu mwingine na kufutwa bila nia mbaya.

Sasa wasifu wenyewe. Maneno 500 yakisomwa kwa utulivu huchukua kama dakika tano, na msomaji mwenye uchungu atahitaji zaidi, basi msizidishe sana hapo. Mwaka wa kuzaliwa wa wazee wengi ni wa kukadiria, na kitambulisho kinaweza kupingana na cheti cha ubatizo. Vikipingana, andikeni muongo tu, kama "alizaliwa miaka ya 1940", kisha endeleeni. Hakuna atakayelalamika. Watalalamikia majina. Orodha ya watoto itaje waliotangulia mbele ya haki, na wale aliowalea bila kuwazaa. Hao ndio husahaulika, na ndio waliokaa naye jikoni. Mtoto wa mjukuu ni kitukuu, na mtoto wa kitukuu ni kilembwe. Mkiwachanganya, hesabu itapingwa kabla watu hawajaondoka. Watu wawili wa pande tofauti za ukoo waisome siku moja kabla, si asubuhi ileile.

Mnaweza kukuta pia daftari la maombi: jina, shida, tarehe, na pengine alama ya vema pale alipoona amejibiwa. Hapo kila mtu atatamani lisomwe hadharani, kwa kuwa hakuna ushahidi mzuri zaidi wa imani yake. Msilisome. Ndani mna ulevi wa fulani, ndoa ya fulani, kipimo cha fulani, na hao wote wamekaa mbele yenu wakiwa hai. Someni idadi ya majina na tarehe ya mwisho aliyoandika, basi. Kisha mpeni mtu mmoja asiye na maneno mengi alitunze, na kila aliyeandikwa aonyeshwe ukurasa wake akiutaka mwenyewe.