Ya wake za watu

Tangu Jumamosi kuna sentensi moja inanizunguka kichwani kama nzi, haitaki kutua. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo mazito kuliko hilo: wifi yangu amejifungua mapacha, mwenye nyumba kaongeza kodi, chama kimevunjika na kuundwa upya bila yule mweka hazina. Lakini nikikaa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, ni maneno ya mume wangu, Baba Kui, tu.

Kazi yake mnaijua. Bado yuko Naivasha, pakihausi, pale maua ya shamba yanapofungashwa, anapanga waridi kwa gredi (mtaa wa Kihoto alihama, maji ya ziwa yalipoingia kwenye ploti). Wazungu wakikaribia kupendana, sisi hatuonani. Kuanzia Januari ikiwa katikati ni ovataimu, hata Jumapili hakuna, maana ua la Valentine, tarehe 14 Februari, lazima likatwe, lipozwe, lifikishwe uwanja wa ndege Nairobi na liwe limeshatua Uholanzi au Uingereza siku kadhaa kabla. Siku yenyewe ikifika, pakihausi kumetulia. Kwa hiyo Valentine kwetu ni siku ya mtu kuja kulala. Ile ya 2024 iliangukia Jumatano ya Majivu, tukaponea hapo: tulifunga, tukapakwa majivu, hakuna aliyemdai mwenzake chokoleti.

Mwaka huu alifika adhuhuri, na bajeti ilikuwa shilingi elfu moja. Pesa za ovataimu zinaingia mwisho wa mwezi, Njaanuari ilikataa kuisha, na karo ya Kui ilimeza mpaka hela ya gesi. Elfu moja, nauli yake ya kurudi ikiwa pembeni, isiguswe. Kui tukamwacha kwa Mama Brayo, tukashuka mjini Nakuru kwa miguu kutoka mtaani kwetu, Section 58.

Kenyatta Avenue ilikuwa nyekundu. Kila hatua chache kijana na ndoo, maua yamevikwa plastiki na utepe, mia na hamsini shina moja. Baba Kui akasimama kwa mmoja. Moyo wangu ukaruka, sitawaficha. Akachomoa ua, akalishika chini ya kichwa kwa vidole viwili, akalibonyeza taratibu, akageuza majani aone upande wa chini, akapima shina kwa shibiri.

"Sentimita hamsini haifiki," akasema. "Na imekaa nje ya baridi. Kesho kutwa inainamisha shingo."

Kijana akamtazama juu mpaka chini. "Mzee, unanunua ama unakagua?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nami nikacheka.

"Mwezi mzima nakagua ya wake za watu," Baba Kui akasema, akalirudisha ndooni, tukaendelea na safari.

Basi. Hakuna zaidi. Lakini alilisema vipi? Nimelijaribu kwa sauti zote. Kwanza nililisikia kama utani, la kumjibu kijana mdomo wake. Nikishona mfuko wa kaptula, linakuja kama uchovu mtupu. Usiku linakuja na uso mwingine: kwamba yupo mwanamke huko ng'ambo aliyepata ua lililopita mikononi mwa mume wangu, lililopimwa, lililobembelezwa, na mimi nimepata sentensi. Halafu nakumbuka kwamba mia na hamsini tulikuwa nayo. Alikuwa nayo mfukoni, nilimpa mwenyewe.

Miaka ya kwanza alikuwa akiniletea rijekti, yale ya shina kombo ambayo hayapandi ndege, kafunga kwa gazeti. Wateja wangu hudhani nyumba yangu ilikuwa ikinukia. Wapi! Mengi ya maua yale ya kuuza nje yamezalishwa yadumu kwenye chombo, harufu ni kidogo mno, unaweza kuzika pua humo na usisikie kitu. Mimi niliyapenda hivyo hivyo. Kisha akaacha kuleta. Sikuuliza, na sasa nafikiri ndiyo maana sentensi hii imepata pa kukaa.

Nilimpigia dada yangu, nikamsimulia yote, mpaka ile ya vidole viwili. Akasema, "Huyo mtu amechoka. Mpikie chapati." Dada yangu hajawahi kupoteza usingizi kwa ajili ya sentensi.

Lakini sikiza kilichofuata. Tulizunguka hadi kwa jamaa wa mutura, ile soseji ya utumbo ya kuchoma, jioni moshi ukiwa umeanza kukolea. Baba Kui akaomba ya mia. Jamaa kabla hajakata, bwana akanyoosha mkono, akaishika ile mutura kwa vidole vile vile viwili, akaibonyeza taratibu, akaigeuza aone upande wa chini. Na alikuwa serious kabisa! Nilicheka mpaka nikashika meza. Akaniuliza nacheka nini, nikashindwa kumwambia. Mwenye mutura hata hakushtuka, alikata, akamwaga kachumbari, akatuwekea chumvi na pilipili pembeni ya ubao. Tulirudia. Tukarudia tena na supu. Baada ya hapo tukakaa Nyayo Gardens na mahindi ya kuchoma, akanieleza jinsi shada nyingine zinavyotoka pakihausi zikiwa na stika ya bei tayari, kwa pauni, hadi mwenye duka huko hana kazi ila kuzipanga. Yeye hupiga hesabu kichwani kwa shilingi, kisha huacha, kwa sababu msimamizi anapita.

Nilikuwa na furaha. Niliandika hilo hapa lisije likasahaulika, maana ile sentensi ina tabia ya kufunika mengine.

Tulipolala nikamuuliza, "Ulimaanisha nini pale?"

"Pale wapi?"

"Kwa yule kijana wa maua."

"Kijana gani?" Na hapo hapo akaanza kukoroma.

Jumapili alirudi na gari la jioni, chapati kwenye mkebe. Elfu moja ilibaki shilingi thelathini, nikanunua uzi mweupe.

Uzi wenyewe haujasaidia. Mashine yangu ya ovaloki imeanza kuruka mishono tangu jana. Sindano nimebadilisha, mafuta nimetia, na fundi anasema huenda ni lupa, kipuri cha ndani, ambayo sijui bei yake na sitaki kuuliza wiki hii. Majoho ya kwaya yanatakiwa kabla ya Jumapili ya Matawi, kitambaa nimeshakata chote, na mwenyekiti wa kwaya ni mtu wa kupiga simu saa kumi na mbili asubuhi.