Waya Mtini, Radi Nyuma ya Kilima

Joto lilipoanza tu, nilipanda tena mlimani kama nifanyavyo kila mwaka, begani nikiwa na mtambo mdogo wa wati 5 wa redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na wengine kwa mapenzi tu wala si kwa biashara, betri, paneli ya sola na waya wa shaba niliouzungusha kwenye kipande cha ubao. Kila anayeuona mzigo huo huniuliza kwa nini nafuata mawasiliano mahali ambapo hata simu ya mkononi hushika kwa taabu. Nafuata kimya. Mjini kila chaja, kila taa ya kisasa na kila kifaa cha umeme kinachozimwa na kuwashwa na saketi za ndani yake hutoa mvumo wake hewani, na mivumo hiyo ikikusanyika huwafunika kabisa watu wanaoita kutoka mbali. Huku mlimani mshale wa kipimo cha mawimbi hulala chini, nawe ukifungua sauti husikii ila mchirizo mwembamba, na ndani ya mchirizo huo sauti ya mtu. Kimya hakimwongezei nguvu anayetuma. Humpa masikio anayesikiliza, na kwangu mimi kusikiliza ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii.

Antena yangu haina ufundi mkubwa. Hufunga jiwe kwenye kamba, nikalirusha juu ya tawi, mara nyingi mara tatu au nne kabla halijapita ninapotaka, kisha nikaivuta kamba hadi katikati ya waya ipande juu, pande zake mbili zikishuka kama paa la nyumba. Kwa masafa ya megahezi 14, ambako wimbi moja lina urefu wa takriban mita 20, nusu ya wimbi inatosha, yaani mita 10 za waya, 5 kila upande. Mwenye leseni, na asiyekuwa na leseni hana ruhusa ya kutuma, anaweza kuzungumza na bara jingine kwa waya huo na betri anayoibeba kwa mkono mmoja.

Kimo chenyewe cha mlima ni utajiri wa namna nyingine. Mawimbi ya megahezi 144 na kuendelea husafiri karibu sawa na mtazamo wa macho, hivyo aliye bondeni huzibwa na kilima cha kwanza, ilhali aliye kileleni, mita 900 juu ya tambarare, upeo wake wa redio hupita kilomita 120 hata kama ameshika redio ya mkononi tu. Kwa ajili ya raha hiyo ulianzishwa Uingereza mwaka 2002 mpango wa Summits on the Air, yaani vilele hewani, ambao sasa umeenea nchi nyingi: mshiriki hupanda na mtambo wake bila kutegemea umeme wa gari, na ili apate pointi za kilele hana budi kukamilisha mawasiliano yasiyopungua 4.

Kuna zawadi nyingine inayokuja na majira haya peke yake. Katika miezi ya Mei hadi Agosti, kwa walio kaskazini ya mbali na ikweta, tabaka la E la angahewa, kimo cha kilomita 100 hivi, hufanya mabaka mazito yanayoyarudisha duniani mawimbi ya megahezi 50, ambayo kwa kawaida yangepotelea angani. Unaweza kukaa saa nzima husikii kitu, kisha kwa ghafla kituo kilicho kilomita 1,500 kikaingia kwa nguvu kana kwamba mtu anazungumza chumba cha pili, na baada ya dakika chache kikatoweka katikati ya neno. Sijapata kuizoea furaha hiyo, wala sitaki kuizoea.

Radi nayo ina majira hayo hayo. Mawingu huanza kupanda adhuhuri, na redio huniambia kabla ya masikio: katika masafa ya chini husikika mipasuko kama kitambaa kinachochanwa, ya mbali kwanza, kisha ya karibu zaidi. Mwaka mmoja nilichelewa kuchomoa waya, nikasikia mwishoni mwa kebo inayouunganisha na mtambo mlio mdogo, tik, tik, wa cheche zinazoruka, na tangu siku hiyo sehemu ya kupokea ya mtambo ule haikusikia tena. Siku hizi nikiona mmweko nahesabu sekunde, kila 3 zikiwa kilomita moja, lakini singoji hesabu iwe ndogo: nachomoa kebo mapema, naiacha nje, na mwenyewe nashuka kutoka kwenye ukingo.

Juzi mvua ilikatika jua likiwa limekwisha kuzama. Wakati huo tabaka la D, ambalo mchana hunyonya mawimbi ya megahezi 7, huwa limekwisha kutoweka, na masafa hayo hufunguka hadi mbali. Nilining'iniza waya wa mita 20, nikaita kwa Morse, lugha ya milio mifupi na mirefu, nikanyamaza. Mara ya tatu nilijibiwa na kituo cha ng'ambo ya bahari, hafifu, nukta na mistari vikizama na kuibuka, nami nikainamisha kichwa karibu na spika huku matone yakiendelea kudondoka kutoka kwenye majani. Nilimrudishia alama za jinsi nilivyomsikia, akanirudishia zangu, nikaandika saa, masafa na utambulisho wa kituo chake kwenye daftari ambalo karatasi zake zilikuwa bado mbichi kwa unyevu.