Pai imeniponza

Jamani, wiki nzima hapa Moshi nimekesha na King's Quest V, gemu la 1990, kwenye kompyuta chakavu ya kaka. Leo nakutana na yule Yeti, jitu la theluji, milimani, ananimaliza. Narudia, ananimaliza tena. Kumbe juzi Graham, mhusika ninayemchezesha, aliposikia njaa nilimlisha pai badala ya mguu wa kondoo, na pai ndiyo silaha, unamrushia usoni! Gemu kimya, halikunionya. Limeniacha natembea kama mtu wa Machame aliyepanda gari la Himo, upande mwingine kabisa. Halafu nilikuwa nahifadhi gemu kwenye nafasi ileile moja tu, ya zamani inafutika (uvivu wangu huo). Dogo wa jirani anacheka: "Kaka, ulishakufa tangu juzi." Haya, naanza upya. Mwenye chaja nzima aniazime.