Tulivyoirudisha kromi kutoka kwenye tope la kiwanda cha ngozi

Kiwanda ninachofanyia kazi kiko Jinja, na maji yetu yakiponyoka yanaishia Ziwa Viktoria, wanakovua watu. Ndiyo maana nilipokabidhiwa maji machafu niliishughulikia kwanza kromi, dawa ya madini inayoifanya ngozi mbichi isioze. Ngozi ikizungushwa kwenye pipa hunywa takriban asilimia 60 hadi 70 ya kromi; inayobaki hutoka na maji. Ikichanganyika na taka nyingine, inakuwa tope lisilofaa kitu.

Kwa maoni yangu, nusu ya kazi ni kutochanganya. Tuliyapa maji ya kromi mfereji wake, mbali na maji ya chokaa ya kung'olea manyoya. Hayo ya chokaa yana salfaidi, na yakikutana na asidi iliyomo kwenye maji ya kromi hutoa hewa inayoweza kuua mtu papo hapo. Hata kiwanda kisichorejesha kromi kinapaswa kuitenga mifereji hiyo.

Tukaweka wavu wa kunasa vinyama na nyuzi, kisha tangi la kuyatuliza maji ili mafuta yaelee tuyaengue.

Ubishi ukaja kwenye dawa ya kuituamisha kromi. Wenzangu walitaka chokaa kwa kuwa ni rahisi. Nilikataa. Chokaa hutoa tope jingi, jepesi, na ukilimwagia asidi ya salfa ili kuiyeyusha kromi itumike tena, kalsiamu yake hugeuka jasi: umetoa uchafu mmoja, umeingiza mwingine. Oksidi ya magnesiamu ni ghali, lakini huyeyuka polepole, pH (kipimo cha ukali wa asidi) hupanda taratibu hadi 8 au 9, na kromi hulala chini, nzito kama uji wa ulezi. Tunaliacha tangi usiku kucha, asubuhi tunatoa maji ya juu, kisha tunaliyeyusha tope kwa asidi ya salfa, kidogo kidogo, glavu mikononi na miwani usoni.

Kuna aliyeuliza kwa nini tusilikaushe tope na kulichoma. "Hapana, ndugu yangu," nikamwambia. Moto unaweza kuigeuza kromi hii kuwa kromi sita, aina ya kromi inayosababisha saratani.

Fundi mkuu hakuamini mpaka alipoona ngozi. Aliichanganya kromi yetu na mpya, akakata kipande cha ngozi iliyotoka pipani na kukitia kwenye maji yanayochemka. Hakikusinyaa, dalili kwamba kromi imeiingia ngozi sawasawa. "Leteni nyingine," akasema.